Njia Fupi ya Kwenda kwa Anselme

Kwa miaka minne nilimuuzia chapati mtu ambaye sikulijua jina lake, na siku watu walipokuja kumuulizia kwa jina nikawaambia hayupo. Naliweka hili mwanzoni kabisa, ili nisije nikaonekana mtu mwema kwa yatakayofuata.

Naitwa Rashidah. Nakaanga chapati Bwaise, mjini Kampala, pale barabara ya magari inapokoma na vichochoro vinapoanza, na mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa kwenye kona ile ile. Mimi ni Mnubi. Babu wa babu yangu aliletwa nchi hii akiwa askari, na sisi vilembwe tumerithi vitu viwili tu, Kiswahili na sauti kubwa. Mtaani kwetu najua nani kahama, nani kajifungua, nani anapita uchochoro wa nyuma ili asionane na mwenye nyumba. Mwenyekiti wa mtaa akimtafuta mtu huanzia kwangu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Mtu mwenyewe nilimwita Mbili. Kila asubuhi kabla ya saa moja alisimama mbele ya sigiri yangu ya mkaa, mkoba mweusi wa kompyuta kwapani, zipu yake imekufa na kufungwa kwa waya, akainua vidole viwili. Chapati mbili. Hakusema salamu wala asante. Alilipa, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka. Nilimtania nikachoka. "Ssebo, bwana, leo tatu?" Anatabasamu, anainua viwili. "Leo kikomando, nikuwekee maharage?" Viwili. Mara nilidhani ni Mnyankole, mara nilidhani ni Mnyarwanda, siku nyingine nikadhani ni bubu. Halafu nikaacha kudhani. Una wateja sitini asubuhi moja, huwezi kuwachimba wote.

Haya ninayoeleza sasa niliyajua baadaye, kutoka kinywani mwake.

Alikuwa Anselme, Mkongomani wa Uvira, umri miaka thelathini na tisa. Alisomea kompyuta Bukavu, na vita ilipowatawanya akaishia Kampala na karatasi ya ukimbizi. Mama yake na dada yake Huguette walibaki kule. Hapa alipata kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na hospitali ya Mulago. Watu wenye wagonjwa walikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yake, wakamsimulia shida zao, yeye akazichapa: barua ya kuomba msaada wa matibabu, fomu, tangazo la mazishi. Ikishatoka kwenye printa, mtu alichukua karatasi yake akaenda. Siku nzima alisikiliza habari za watu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yake. Saa kumi na mbili jioni alirudi kwenye mzigo wake, ndivyo tunavyokiita hapa chumba kimoja cha kupanga, kwenye safu ya vyumba nyuma ya kinu cha mahindi, akafunga mlango. Kisha alicheza.

Huo mchezo ukielezwa utacheka, kama nilivyocheka mimi. Kuna watu dunia nzima ambao hawajawahi kuonana. Wanapewa kazi moja ya kuiambia kompyuta ifanye, na mshindi si wa kwanza wala si aliyeifanya vizuri zaidi. Mshindi ni aliyeandika kifupi kuliko wote. Kila herufi inahesabiwa, kila koma, kila nafasi tupu. Mtu mzima, mwenye ndevu, anakesha wiki mbili akitafuta jinsi ya kuondoa mabano mawili.

Kazi aliyoipenda Anselme ilikuwa ya kuchora njia. Unaipa kompyuta maelekezo, shuka hatua mbili, nenda kulia hatua tano, shuka tena, nenda kushoto, nayo inakuchorea njia hiyo kwa alama za kawaida za kuandikia: vistari, misalaba, na nyota mwishoni pale unapofika. Alishughulika na kazi hiyo miezi minane. Ya kwake ilifika alama hamsini na nane. Kisha akatokea mtu wa nchi ya mbali, ambaye picha yake ilikuwa paka aliyevaa miwani, akaleta ya hamsini na saba. Anselme akashusha hadi hamsini na saba na yeye. Paka akampelekea alama ya dole gumba. Katika miezi minane hayo ndiyo mazungumzo yao yote, na yule paka ndiye mtu aliyekuwa karibu naye kuliko mwingine yeyote mjini Kampala, tena hakuwa Kampala.

"Unajua kinachofutwa kwanza ni nini?" aliniuliza siku aliyonionyesha. "Maelezo. Wanaoandika programu huacha maneno katikati, ya kumsaidia mtu atakayesoma baadaye. Hapa angalia hivi, pale nilifanya vile. Mashine haiyahitaji. Ndiyo unayoyatupa mwanzo kabisa."

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, akiwa kazini anamchapia mtu barua, Huguette alipiga simu. Mama yao alikuwa amefariki. Mazishi yangekuwa Jumamosi saa nane ya kule, ambayo ni saa tisa ya kwetu. Kwenda hakungewezekana. Njia zilikuwa hazipitiki, na hata kama zingepitika, karatasi aliyokuwa nayo haikumruhusu kurudi kule alikokimbia. Aliimaliza ile barua ya mteja, akaisoma mara mbili kutafuta makosa, akaitoa. Hilo ndilo alilolikumbuka zaidi, kwamba aliimaliza.

Kwao, mtu anapofukiwa, wafiwa hawaachwi peke yao. Watu wanakaa nao na kuimba wakati udongo unaingia. Huguette ndiye aliyepanga. Yeye angeshika simu makaburini, Anselme angeshika simu Bwaise akiwa na watu wake, na pande zote mbili zingeimba wimbo mmoja ule ule, ule mama yao alioupenda. "Utafute watu, yaya," alimwambia, maana kwao yaya ni ndugu mkubwa. "Mama asizikwe wewe ukiwa peke yako."

Watu. Anselme alikuwa anawafahamu Wakongomani wenzake wa kikundi cha maombi kule upande wa Katwe, ng'ambo nyingine ya jiji. Alikwenda kwao labda mara tatu kwa mwaka, akakaa kiti cha nyuma, akaondoka kabla ya chai. Hakuwahi kuwaomba kitu. Ijumaa akampigia Mama Monique, kiongozi wao, na ilimchukua muda mrefu kulitamka ombi lake. Mama Monique hakusita. "Tutakuja wote. Tutashukia stendi ya Bwaise, toka hapo tuelekeze nyumba tu."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa kile anachokijua vizuri kuliko vyote.

Ijumaa jioni alitoka hadi stendi, akageuka, akarudi mpaka mlangoni kwake akihesabu hatua. Akayaingiza maelekezo kwenye programu yake ya alama hamsini na saba. Ikamchorea njia. Akaituma kwa Mama Monique hivi hivi:

o
|
|
+-----+
      |
      |
   +--+
   |
   *
Alama 1 = hatua 10.

Basi. Hakuna jina la mtu, wala "pitia kwa fulani". Ukiangalia vizuri utaona mchoro haukuwa na kosa hata moja. Nimeupima mwenyewe kwa miguu yangu. Kona ile ya juu kulia, pale njia inapoanza kushuka tena, ndipo ninapokaangia.

Jumamosi asubuhi alikuja kama kawaida, lakini amevaa koti. Nikangoja vidole viwili. Badala yake akafungua mdomo. "Thelathini," akasema.

"Ala! Mbili ana sauti!" nikapaza yangu, na vijana wa bodaboda wakacheka. "Thelathini za nini, ssebo? Leo unaoa?"

"Wageni," alijibu. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Mimi nilicheka, nikakaanga, nikamfungia thelathini kwenye gazeti. Sikumtazama usoni. Ningemtazama ningeona, kwa maana macho ya mtu aliyelia siku mbili hayafichiki.

Mvua ilianza saa tano. Anayeijua Bwaise anajua kwamba mvua kwetu hainyeshi tu, inaingia ndani na kukaa. Kufikia saa saba mtaro ulikuwa umefurika, na ule ubao tunaovukia karibu na kona yangu ulinyanyuliwa na maji mbele ya macho yangu ukaenda zake. Unga wangu nusu gunia ulilowa. Nilikuwa nimepandisha sigiri juu ya meza, sketi nimeikunja hadi magotini, namtukana kila aliyetupa taka mtaroni tangu nchi ipate uhuru.

Ndipo walipotokea. Watu kumi na mmoja, wanawake wengi, vitenge vizuri vimelowa mpaka kiunoni, mmoja amebeba ngoma ndogo ndani ya mfuko wa nailoni. Mbele yao mama mnene anayechechemea, simu mkononi.

"Mama, bonjour," alinisalimu. "Tuko tunatafuta nyumba ya Anselme."

"Nani?"

"Anselme. Ndugu yetu. Iko na matanga kwake leo."

Kwetu Kampala nyumba yenye msiba haijifichi. Nje kunawashwa gogo la moto, kunafungwa turubai, wanawake wanalia mpaka mtaa wa tatu wanasikia. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nikamwambia, "Nyabo, mama, hapa hakuna matanga. Ningejua."

Akanigeuzia simu. "Alitutumia hii. Tulikuwa tunahesabu vizuri, sasa hapa njia imekwisha, kuko maji tu."

Nikaangalia vile vistari. Nilidhani ni simu imeharibika. "Hakuna maneno?" nikauliza.

"Hakuna. Mwenyewe tunamupigia, simu iko inatumika tu."

"Mimi niko hapa miaka kumi na tisa," nikasema, na nilisema kwa ukali, kwa sababu ya unga na kwa sababu nilijiona najua. "Hapa hakuna mtu anaitwa Anselme. Mmepotea. Jaribuni Kalerwe."

Walisimama chini ya bati langu nusu saa nzima, wakipiga simu ile ile inayotumika. Maji yalipofika kwenye magoti, yule mama alishika goti lake bovu, akawaambia wenzake jambo kwa sauti ya chini. Waligeuka. Yule wa ngoma alinitazama mara ya mwisho kana kwamba angeniuliza tena, kisha akawafuata. Walikuwa hatua themanini tu kutoka kwenye ile nyota.

Dakika kumi baadaye akapita Zuleika, anayekodisha viti vya plastiki, ameweka mfuko kichwani.

"Dada Rashidah, ule mtu wako wa kompyuta, hajarudisha viti yangu?"

"Mtu gani?"

"Ule wa vidole. Mbili. Nilimpelekea viti kumi na mbili asubuhi. Kule nyuma ya kinu, mlango ya kijani. Alisema ni ya wageni."

Mwiko ulinitoka mkononi. Chapati thelathini. Viti kumi na viwili. Koti. Nilikimbia kwanza stendi, mama mzima wa miaka hamsini na mbili, nakimbia majini pekupeku naita, "Watu wa Anselme! Watu wa Anselme!" Makondakta walinicheka. Wageni walikuwa wamekwishapanda na kwenda.

Nikarudi. Nilizunguka kwa nyuma, kwenye kalavati, kwa kuwa ubao haukuwepo, nikafika nyuma ya kinu. Mlango wa kijani ulikuwa wazi nusu.

Viti kumi na viwili vilipangwa safu tatu, vimefutwa vumbi. Kwenye kila kiti kipande cha gazeti na chapati mbili juu yake. Mbele, juu ya stuli, simu imeegemezwa kwenye kikombe, waya wa chaji umenyooka mpaka ukutani, maana betri yake haikushika na laini ya Uvira ikikatika hairudi. Ndiyo maana hakuweza kutoka kutazama njiani. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama, koti limefungwa vifungo vyote, ananipa mgongo. Kwenye kompyuta iliyokuwa wazi kitandani ililia kengele ndogo, na hakugeuka.

Kutoka kwenye simu nilisikia upepo, miguu ya watu wengi, na sauti ya mwanamke.

"Yaya, mbona huko kumenyamaza? Watu walifika?"

"Walifika," alisema.

"Siwasikii."

"Wanaomba kimyakimya."

Nimesikia uongo mwingi maishani, mwingine nimeutunga mwenyewe. Sijawahi kusikia mwingine ulionichoma kama ule. Niliona aibu hata ya kupumua.

"Basi waambie waimbe," Huguette alisema. "Huku tunaanza. Wanamushusha."

Kule wakaanza, sauti nyingi, mbali. Anselme akafungua mdomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ilitoka na kukatika, ikatoka tena, mtu mmoja akijaribu kutosha chumba kizima. Mimi ni Mwislamu, wimbo wenyewe sikuujua, na Kifaransa chao kilichochanganyika humo ndani ndiyo kabisa. Lakini kiitikio kilikuwa kifupi. Kilipokuja mara ya pili nikakidaka. Sauti yangu si ya kuimba, ni ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. Nikaitoa yote.

Aligeuka. Aliniona mlangoni, matope mpaka mapajani, unga usoni, naimba vibaya, nyuma yao kwa mstari mmoja. Hakuacha kuimba. Alinisogezea kiti kwa mguu, nami nikaketi, chapati zake mbili nikazishika mapajani. Tuliimba hivyo mpaka kule walipomaliza na tukaanza kusikia koleo.

Koleo zilichukua muda mrefu. Yeye alibaki amesimama.

"Yaya," Huguette alisema mwishoni, amelia. "Niliwasikia. Nipe mumoja nimushukuru."

Anselme aliitazama simu. Akanitazama mimi. Kisha akaichukua polepole, waya ukamfuata, akanipa.

"Pole sana, binti yangu," nikasema. "Pole na msiba. Mungu awape subira."

"Asante, mama. Asante sana. Muko wengi huko?"

Nilivitazama vile viti kumi na kimoja.

"Tuko wengi," nikasema. "Viti vimejaa. Wengine wamesimama nje."

"Mungu awabariki. Nilikuwa naogopa. Huyu kaka yangu hasemi na watu. Mutamuangalia?"

"Tutamwangalia."

Simu ilikatika. Mvua ilikuwa imepungua, nje jirani anachota maji sebuleni kwake kwa sufuria. Nilijua kwamba nikitoka bila kusema sitasema tena. Nikamwambia.

"Walikuja. Watu wako. Kumi na mmoja. Waliniuliza, nikasema hakuna Anselme hapa. Nikawafukuza."

Aliketi, hatimaye. Alifikiri kwanza, kama mtu anayesoma. "Ubao," akasema. "Ubao ulichukuliwa?"

"Ulichukuliwa."

"Sikuuweka kwenye hesabu." Alikuwa anazungumza na mchoro wake, si na mimi. "Kwenye mchezo njia haikatiki. Unapewa uhakika huo."

"Si ubao, mwanangu. Ubao wangezunguka kwenye kalavati. Ni mimi. Waliniuliza na mimi sikujua jina lako."

"Ungelijuaje? Sikukuambia."

"Na mimi sikuuliza."

Alikaa akizungusha kikombe. Kisha akasema, na alisema bila kunitazama, "Nilikuwa nimekuandika, mama. Chini ya mchoro. Niliandika, Mkipotea, muulizeni mama wa chapati. Nikahesabu. Alama thelathini na sita. Nikaona njia imekamilika bila hayo. Nikafuta."

Sikumwelewa. Ndipo alipochukua kompyuta kitandani akanieleza mchezo, paka na miwani yake na yote. Ile kengele niliyoisikia wakati wa wimbo ilikuwa ni paka. Alikuwa ameshuka hadi hamsini na sita.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilikasirika pale pale kwenye matanga. "Yaani mnakaa, watu wazima, wenye akili, mnahesabu koma? Unanifuta mimi, mtu mzima mwenye kilo tisini, ili upate nafasi ya nini? Nafasi umeipeleka wapi?"

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na kicheko chenyewe hakikufika mwisho. Kiligeuka kilio katikati, kile cha sauti, cha mtu aliyesubiri tangu Alhamisi. Nilimwacha alie. Nililia na mimi, nusu kwa ajili ya mama yake ambaye sikumjua, nusu kwa ajili ya binti yangu Aminah aliye Arabuni mwaka wa sita, ambaye siku ikifika, sijui ni nani atakayekaa kwenye viti vyangu. Kisha tukala chapati. Zilikuwa zimepoa na kukauka, na nikamwambia kwamba mwenye kuzikaanga alikuwa mzembe.

Kabla sijaondoka nilimuuliza mama yake aliitwa nani. Akaniambia. Akaniuliza na mimi naitwa nani.

Mama Monique na watu wake walikuja baada ya wiki mbili, siku ya jua. Anselme alikuwa amewatumia maelekezo mapya, akanionyesha kabla ya kutuma, kwa fahari kidogo. Yalikuwa hivi: Bwaise. Muulizeni Rashidah wa chapati.

"Ule mchoro ulikuwa alama sitini na saba, pamoja na nafasi," aliniambia. "Hii ni thelathini na nane."

"Na siku nisipokuwepo?"

Akabonyeza kutuma.

Niliacha sigiri ikiwaka nikawapeleka mwenyewe mpaka mlango wa kijani. Mama Monique alinitambua, nikaomba radhi, akanishika mkono akasema yameisha. Waliimba vizuri, na ngoma, na walikula chakula cha kutosha. Lakini ule udongo ulikwishaingia, na wimbo wa saa tisa hauimbwi wiki mbili baadaye. Anselme alikaa katikati yao akiwashukuru, na niliona kwamba bado alikuwa anasikiliza koleo. Kufikia jioni walirudi zao Katwe. Ni mbali, na wana maisha yao.

Bado anaishi kule nyuma ya kinu. Bado anacheza, na paka bado yuko mbele kwa alama moja. Bado anainua vidole viwili asubuhi, nadhani kwa mazoea, lakini sasa mimi huitika kwa Kiganda, "Wangi, Anselme," kwa sauti ya mtaa mzima, kwa makusudi, mpaka vijana wa bodaboda wamelijua jina. Kulijua jina ni kitu kimoja. Hakuna mwingine aliyebisha mlango wake, nami mwenyewe, kwa siku zilivyo ndefu, si kila wiki ninafika.

Jumapili hafanyi kazi, basi huja na kukaa kwenye benchi langu, na Huguette humpigia akiwa pale. Wanazungumza mambo ya nyumba, ya kaburi, ya mvua ya Uvira. Kila mara, kabla ya kukata, namsikia akiuliza habari za wale watu wengi walioimba siku ile. Hakuwahi kumwambia. Wala mimi sikumshauri amwambie.

"Wasalimie wote," Huguette husema. "Wote kabisa, usisahau hata mumoja."

Anselme huteremsha simu, akanigeukia, mimi na sigiri yangu na benchi tupu.

"Mnasalimiwa," husema.

"Tumepokea," nami hujibu. "Mwambie tunashukuru."